Uso kuvimba asubuhi, mkojo rangi ya kola: Fahamu ugonjwa wa vichujio vya figo kwa watoto

Mtoto wa shule amelala akiwa mzima. Asubuhi anaamka kope zimevimba, macho hayafunguki vizuri. Kufika mchana uvimbe umepungua, watu nyumbani wanasema ameumwa na mdudu au amekula kitu kilichomkataa. Kesho yake uvimbe umerudi, na safari hii mkojo wake umekuwa wa kahawia kama chai ya rangi iliyokolea au soda ya kola. Hana homa, na akikojoa hasikii maumivu, kwa hiyo familia inasubiri kuona itakuwaje.

Kusubiri huko ndiko kunakotufanya tuandike makala haya. Uvimbe wa uso na mkojo wa rangi ya kola vikija pamoja kwa mtoto, mara nyingi tatizo liko kwenye figo, ndani ya vichujio vidogo vinavyosafisha damu. Ugonjwa huu madaktari huuita glomerulonefraitisi, maana yake kuvimba kwa glomeruli, yaani vile vichujio. Watoto wengi wanaoupata hupona kabisa. Wanaofariki au kupata madhara makubwa mara nyingi ni wale ambao presha yao ilipanda sana bila mtu kuipima.

Tutaeleza figo inafanya kazi gani, kwa nini kidonda cha mguuni kinaweza kuishia kwenye figo, dalili za kuangalia, mambo ya kudai kituoni, na namna ya kumtunza mtoto hadi apone.

Figo inafanya kazi gani

Kila mtu huzaliwa na figo mbili, zilizokaa upande wa nyuma wa tumbo, chini kidogo ya mbavu, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kwa mtu mzima, figo moja ina ukubwa unaokaribia ngumi.

Ndani ya kila figo kuna vichujio karibu milioni 1. Kila kichujio ni kifundo cha mishipa ya damu myembamba mno, iliyojikunja kama uzi uliosokotwa, na huwezi kukiona vizuri bila darubini. Damu inapopita humo, maji na takataka za mwili huchujwa na kuelekea kwenye njia ya mkojo. Chembe za damu na protini hubaki kwenye damu, kwa sababu ni kubwa kuliko matundu ya kichujio.

Kazi yenyewe ni kubwa. Kwa siku moja vichujio vya mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Hayo ni sawa na madumu 9 ya lita 20. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita 1 hadi 2 tu. Figo pia hupima chumvi inayobaki mwilini na husaidia kuamua presha ya damu iwe juu au chini.

Fikiria chujio la chai. Likiwa zima, chai inapita na majani yanabaki. Likiziba, chai inajaa juu na kumwagika. Likitoboka, majani yanapita na kuingia kwenye kikombe. Vichujio vya figo vikivimba, mambo yote mawili hutokea kwa pamoja. Vinaziba, kwa hiyo maji na chumvi vinabaki mwilini: mtoto anavimba, presha inapanda, mkojo unakuwa kidogo. Na vinatoboka, kwa hiyo damu na protini vinapita na kuingia kwenye mkojo, ndiyo maana rangi inabadilika.

Kwa nini kidonda cha mguuni kifike kwenye figo?

Kwa watoto wa vijijini kwetu, chanzo kinachojulikana zaidi ni bakteria wanaoitwa streptokokasi. Bakteria hawa hupenda kukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni koo, ambako huleta mafindofindo: koo kuuma, homa, shida ya kumeza. Ya pili ni ngozi, ambako huleta vidonda vyenye usaha na gamba la rangi ya asali, hasa miguuni, kichwani na usoni. Mara nyingi vidonda hivyo huanza mahali mtoto alipojikuna, kwa mfano penye upele au palipoumwa na mbu.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika ugonjwa huu bakteria hawaendi kuishi kwenye figo. Mwili wenyewe, katika kupigana nao, hutengeneza kingamwili zinazowakamata. Kingamwili na vipande vya bakteria vikigandana, hunasa kwenye vichujio vya figo. Askari wa mwili hukimbilia pale viliponasa na kuanza vita, na ni vita hiyo inayovimbisha vichujio. Ndiyo maana ugonjwa wa figo huja baadaye, vita ya kwanza ikiwa imekwisha.

Muda huo ni muhimu kuujua. Baada ya mafindofindo, figo huonyesha dalili katika wiki 1 hadi 2. Baada ya vidonda vya ngozi, huchukua wiki 3 hadi 6. Kwa hiyo siku mtoto anapoamka amevimba, koo limeshapona zamani na vidonda vimebaki makovu. Mzazi hakumbuki, na mhudumu asipouliza, hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Ukimpeleka mtoto kituoni, sema mwenyewe bila kusubiri kuulizwa: “Mwezi uliopita alikuwa na vidonda miguuni,” au “Wiki mbili zilizopita alilalamika koo.” Sentensi hiyo moja inaweza kumfupishia mhudumu njia.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 12, na wavulana wengi kuliko wasichana. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra sana. Watu wazima hupata pia, na kwa wazee huwa mkali zaidi.

Dalili za kuangalia

Dalili kuu ni nne.

Ya kwanza ni uvimbe. Huanza usoni, hasa kuzunguka macho, na huonekana zaidi asubuhi kwa sababu mtoto alikuwa amelala chali na maji yamejikusanya usoni. Mchana, akishatembea, maji hushuka na uso hurudi karibu na hali yake. Usidanganyike na nafuu hiyo ya mchana. Baadaye uvimbe unaweza kufika miguuni na tumboni.

Ya pili ni rangi ya mkojo: kahawia, rangi ya chai ya rangi au kola, au kama maji yaliyooshea nyama. Watoto wa shule hukojoa chooni au porini peke yao, na wengi huona aibu kusema. Mzazi inabidi amwambie mtoto akojoe kwenye chombo cheupe au kinachopitisha mwanga, auone mkojo kwa macho yake. Kwa baadhi ya watoto damu huwa kidogo kiasi kwamba huwezi kuiona, na kipimo pekee ndicho huonyesha.

Ya tatu ni mkojo kupungua. Mtoto aliyezoea kukojoa mara 5 au 6 kwa siku anakojoa mara 1 au 2, tena kidogo.

Ya nne haionekani kwa macho, nayo ni presha kupanda. Wengi tumezoea kwamba presha ni ugonjwa wa wazee. Katika ugonjwa huu mtoto wa miaka 7 anaweza kuwa na presha ya kutisha huku akicheza uani. Njia ya kuijua ni kuipima.

Magonjwa yanayofanana nao

Si kila mtoto aliyevimba au mwenye mkojo mwekundu ana ugonjwa huu. Tunaeleza tofauti ili umweleze mhudumu vizuri, si ili umtibu mtoto nyumbani.

Kichocho cha mkojo nacho huleta damu, na wazazi wanaoishi karibu na mabwawa, mito au mashamba ya mpunga wanakifahamu. Katika kichocho damu mara nyingi ni nyekundu, hutoka mwishoni mwa kukojoa, mtoto husikia maumivu, na uso hauvimbi. Katika ugonjwa wa vichujio mkojo wote huwa na rangi ya kahawia toka mwanzo hadi mwisho, na kwa kawaida hakuna maumivu. Hatari ni kwamba mtoto aliyevimba anaweza kupewa dawa ya kichocho na kurudishwa nyumbani bila kupimwa presha.

Malaria kali pia inaweza kuufanya mkojo kuwa mweusi. Mtoto wa namna hiyo kwa kawaida ana homa, ni dhaifu, macho au viganja ni vya njano au vyeupe. Hiyo ni dharura, mkimbize.

Utapiamlo huvimbisha zaidi miguu kwanza, na mtoto huwa amebadilika nywele na ngozi na amepoteza hamu ya kula. Mzio wa chakula au wadudu huja ghafla, huwasha, na rangi ya mkojo haibadiliki.

Kuna ugonjwa mwingine wa vichujio hivyo hivyo, ambao matundu yake huvujisha protini nyingi mno. Mtoto huvimba sana mwili mzima, na mkojo huwa na povu jingi kama la sabuni lisiloisha haraka, lakini mara nyingi hauna rangi ya damu. Matibabu yake ni tofauti kabisa, kwa hiyo kipimo cha mkojo kinahitajika ili kuyatenganisha.

Na kuna familia zinazoamini kwamba mtoto aliyevimba ghafla ametupiwa kitu au ameangaliwa na jicho baya. Hatuji kugombana na imani ya mtu. Tunachoomba ni kwamba presha na mkojo vipimwe kwanza, siku hiyo hiyo. Dawa za kienyeji za kunywa zisitumike kwa mtoto mwenye figo iliyovimba, kwa sababu baadhi ya mizizi na majani huumiza figo zaidi, na figo iliyoziba haiwezi kuitoa sumu hiyo mwilini.

Ukifika kituoni, vipimo hivi vitatu

Mambo matatu ya mwanzo hayahitaji mashine kubwa.

Presha. Mtoto apimwe kwa kitambaa cha mkononi kinachomtosha. Kitambaa cha mtu mzima kikifungwa kwenye mkono mdogo, kipimo kinaonyesha presha ya chini kuliko ilivyo kweli, na mtoto wa hatari anaonekana mzima. Si vibaya kuuliza kwa heshima: “Samahani daktari, kipimo hiki ni cha mtoto?”

Mkojo. Kijiti chenye vipande vya rangi huchovywa kwenye mkojo, na ndani ya dakika chache rangi zake zinaonyesha kama kuna damu na protini. Kama kituo kina darubini, mtaalamu wa maabara ataangalia pia umbo la chembe za damu na kama kuna mayai ya kichocho.

Uzito. Mtoto akipimwa uzito kila siku kwenye mzani ule ule, mhudumu anajua kama maji yanaongezeka au yanapungua mwilini.

Kipimo cha protini kwenye mkojo kina historia ndefu. Mwaka 1827 daktari Mwingereza Richard Bright, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Guy's jijini London, alichapisha kitabu akionyesha uhusiano kati ya wagonjwa waliovimba mwili na figo zilizoharibika. Kipimo chake kilikuwa kijiko na mshumaa: aliuchemsha mkojo juu ya moto, na protini ikiwemo, mkojo uliganda mweupe kama ute wa yai. Kwa miaka mingi magonjwa haya yaliitwa kwa jina lake. Leo kijiti kidogo kinafanya kazi ile ile ya kijiko na mshumaa.

Presha ikiwa juu, au mkojo ukiwa kidogo sana, mtoto atapelekwa hospitali ambako damu yake itapimwa kuona kiasi cha takataka na chumvi ambazo figo imeshindwa kutoa. Ukiambiwa rufaa, nenda siku hiyo hiyo. Hizi si dalili za kusubiri gulio lipite au mavuno yauzwe. Nauli ikikosekana, zungumza na mwenyekiti wa kitongoji, majirani au kikundi cha kuweka na kukopa.

Wakati wa kukimbia

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya:

- Kichwa kinauma sana, anatapika, au anasema haoni vizuri.
- Anapata degedege, anaongea maneno yasiyoeleweka, au ana usingizi usio wa kawaida.
- Anapumua kwa shida, anakohoa akilala chali, au analazimika kukaa ili apate hewa.
- Hajakojoa kabisa kwa saa 12.

Dalili za kichwa, macho na degedege zinatokana na presha iliyopanda hadi kuusumbua ubongo. Degedege kwa mtoto wa miaka 8 asiye na homa si jambo la kufukizia moshi. Kupumua kwa shida kunatokana na maji yaliyokosa pa kwenda na kujaa kwenye mapafu. Yote haya yanatibika hospitalini kwa dawa za kushusha presha na za kutoa maji, mradi mtoto afike.

Matibabu na matunzo ya nyumbani

Hakuna kidonge kimoja kinachoondoa uvimbe wa vichujio hivi. Vichujio hujiponya vyenyewe kidogo kidogo. Kazi ya matibabu ni kumlinda mtoto wakati figo inajirekebisha.

Hospitalini mtoto anaweza kupewa furosemaidi, dawa inayoisukuma figo itoe maji na chumvi, na dawa za presha. Hupewa pia penisilini au amoksilini. Wazazi wengi hudhani dawa hizo ni za kutibu figo. Zinawaua bakteria waliobaki kooni au kwenye ngozi, wasiendelee kuchochea na wasiwafikie ndugu zake. Kwa watoto wachache ambao figo zimesimama kabisa, damu husafishwa kwa mashine kwa siku au wiki kadhaa hadi figo ziamke. Hiyo haimaanishi kwamba mtoto atasafishwa damu maisha yake yote.

Nyumbani, jambo kubwa ni chumvi. Chumvi huvuta maji na kuyazuia mwilini, kwa hiyo kila kijiko huongeza uvimbe na presha. Mpikie mtoto chakula bila chumvi hadi mhudumu aseme inatosha. Na chumvi haimo kwenye kopo la chumvi peke yake. Imo kwenye samaki na dagaa waliokaushwa kwa chumvi, kwenye vipande vya viungo vya supu vinavyouzwa dukani, kwenye viazi vya kukaanga vya paketi, na kwenye magadi. Tunayataja magadi kwa sababu mama anaweza kuacha chumvi kwa bidii yote, kisha akalainishia maharage au mlenda kwa magadi bila kujua kwamba madhara kwa mtoto huyu ni yale yale. Tumia ndimu, vitunguu, nyanya au karanga kuipa mboga ladha.

Jambo la pili ni vinywaji. Wengi tumezoea kwamba mgonjwa anyweshwe maji mengi, na ukisikia figo, unaambiwa maji ndiyo dawa. Kwa mtoto aliyevimba ambaye hakojoi vizuri, ushauri huo ni hatari. Maji anayokunywa yanabaki mwilini. Mhudumu atakuambia kiasi cha siku kulingana na mkojo anaotoa. Hesabu kila kitu cha majimaji: maji, uji, chai, maziwa, supu. Weka kikombe kimoja kiwe cha kupimia vinywaji na chombo kingine cha kupimia mkojo, na andika kwenye daftari.

Jambo la tatu ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa kila duka la dawa na watu huzimeza kama pipi. Zinapunguza damu inayofika kwenye vichujio na kuiumiza figo iliyovimba. Mtoto akiwa na homa au maumivu, uliza kuhusu parasetamoli.

Mtoto apumzike siku za mwanzo, na akijisikia vizuri aendelee kucheza taratibu. Si lazima afungiwe ndani. Ugonjwa wa figo wenyewe hauambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea sahani. Kinachoambukiza ni bakteria wa koo na ngozi. Wachunguzeni ndugu zake wote wanaolala naye, na mwenye vidonda au koo linalouma atibiwe.

Atapona lini?

Dalili ya kwanza ya nafuu ni mkojo kuongezeka, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza. Uvimbe huisha katika wiki 1 hadi 2. Rangi ya kola huondoka katika siku au wiki chache, na presha hurudi kawaida ndani ya wiki kadhaa.

Hapa wazazi wengi huacha kwenda kliniki, wakiona mtoto amerudi kama zamani. Lakini damu isiyoonekana kwa macho inaweza kuendelea kutoka kwenye mkojo kwa miezi, hata kufikia mwaka mmoja au zaidi. Kwa sehemu kubwa hiyo si ya kutisha, mradi inapungua. Kurudi kliniki kunasaidia kuwatambua watoto wachache ambao presha haishuki au protini haiishi. Hao huenda wana aina nyingine ya ugonjwa wa vichujio na wanahitaji daktari bingwa kabla figo hazijachakaa. Hifadhi kadi na majibu yote ya vipimo pamoja, hata ukihamia kijiji kingine.

Habari njema ni kwamba mtoto aliyepona ugonjwa huu wa baada ya streptokokasi ni nadra kuupata tena.

Kinga inaanza kwenye ngozi na koo

Hakuna chanjo ya bakteria hawa kwa sasa. Kinga iliyopo ni usafi na matibabu ya mapema.

Anza na upele. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kisiwa cha Trinidad, upele ulienea kwa wingi miongoni mwa watoto, na mlipuko wa ugonjwa wa vichujio vya figo ukafuatana nao. Njia yake ni ile tuliyoieleza: upele unawasha, mtoto anajikuna, ngozi inachanika, bakteria wanaingia, na wiki chache baadaye figo zinavimba. Upele unaweza kupunguzwa. Zanzibar, ugawaji wa dawa ya matende na mabusha ulioanza mwaka 2001 ulitumia ivamektini, dawa ambayo pia huua wadudu wa upele. Katika miaka iliyofuata, idadi ya watu waliofika vituo vya afya kwa sababu ya upele ilishuka sana.

Nyumbani, upele hautibiki kwa kumpaka mtoto mmoja. Watu wote wa nyumba hiyo wapakwe dawa siku moja, mwili mzima kuanzia shingoni kushuka chini, na warudie kama walivyoelekezwa. Kwa watoto wachanga muulize mhudumu kipimo chake. Nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko kwa siku 3 au zaidi, kwa sababu wadudu hawa hawaishi muda mrefu nje ya mwili wa binadamu. Kata kucha za watoto. Oga kwa sabuni. Vidonda vyenye usaha vioshwe kwa maji na sabuni, na vikiwa vingi mtoto apelekwe zahanati.

Mafindofindo nayo yasipuuzwe. Dozi ya vidonge vya penisilini au amoksilini kwa koo la streptokokasi kwa kawaida ni siku 10, na mtoto hupata nafuu siku ya 3. Ukiacha hapo, bakteria wanabaki. Bakteria hao hao wanaweza pia kuleta ugonjwa unaoharibu milango ya moyo, kwa hiyo kumaliza dozi kuna faida mara mbili.

Kwa wafugaji tunaongeza jambo moja. Mwaka 1998, katika mji wa Nova Serrana nchini Brazili, zaidi ya watu 100 walipata ugonjwa huu wa figo kutokana na aina ya streptokokasi inayopatikana kwa ng'ombe, iliyoingia kwenye jibini la maziwa yasiyochemshwa. Ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba maziwa yake yasinywewe na watu, na maziwa mengine yote yachemshwe kabla ya kunywa au kugandisha mtindi.

Na watu wazima?

Kwa mtu mzima vichujio huweza kuvimba kwa sababu nyingine, na mara nyingi polepole bila kelele. Homa ya ini aina ya B, virusi vya UKIMWI, kaswende na kichocho cha tumbo vyote vinaweza kuumiza vichujio. Vilevile ugonjwa wa lupasi, ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe na huwapata zaidi wanawake vijana. Vipodozi vya kujichubua vyenye zebaki ni sababu nyingine. Mwaka 1972 madaktari jijini Nairobi walieleza kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wazima waliowachunguza, waliokuwa wakivuja protini kwenye mkojo na kuvimba, walikuwa wakitumia krimu za namna hiyo.

Mtu mzima anayevimba miguu au uso, anayeona povu jingi kwenye mkojo, au aliyegundulika kuwa na presha akiwa bado kijana, aombe kupimwa mkojo. Kwa watu wazima, tofauti na watoto, ugonjwa ukichelewa kugunduliwa huweza kuzichosha figo moja kwa moja.

Ya kukumbuka

- Uso kuvimba asubuhi na mkojo wa rangi ya kola: mtoto apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo.
- Mwambie mhudumu kama alikuwa na vidonda au koo kuuma katika wiki 6 zilizopita.
- Kichwa kuuma sana, kutoona vizuri, degedege, kushindwa kupumua au kutokojoa kwa saa 12: hospitali mara moja.
- Usimpe chumvi, magadi, mitishamba, diklofenaki wala ibuprofeni. Maji kwa kipimo alichosema mhudumu.
- Tibu upele kwa nyumba nzima, na maliza dozi ya mafindofindo.
- Rudi kliniki hata kama mtoto anaonekana amepona.

Makala haya ni ya kuelimisha, hayachukui nafasi ya vipimo vya kituo cha afya. Msomee na jirani asiye na simu, hasa mwenye watoto wa shule.